Lupango Yenye Ilizunguka Kichuguu

Muntu akikuita umubadilishie lupango ya mbao, ile uzio ya nyumba, usiangalie mbao. Mbao itakudanganya. Omba jembe, hata ya mupini mufupi, uchimbe kwenye muguu wa nguzo. Kule chini njo kuko habari yote: nani alijenga, alikuwa na haraka ao hapana, alitia misumari yote ao ingine alirudi nayo kwake. Nguzo iko sawa na bwana harusi mwenye koti ya kuazima. Juu anang'aa. Ukitaka kumujua, angalia viatu.

Nawaandikia nyinyi vijana ba Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi hapa Malawi, benye munakujaka kwangu na simu, munanionyesha picha ya lupango ya Ulaya imepakwa rangi nyeupe, munauliza, "Muzee Asukulu, hii tunaweza kuifanya?" Munaweza. Rangi hata mbuzi anaweza kuipaka akiegemea vizuri. Lakini hakuna hata mumoja ananiulizaka kitu hii: mwenye nyumba anachaguaka fundi namna gani? Mi nilifanya kazi hii Lilongwe miaka mingi, kwa bakubwa na kwa badogo, nikajenga mpaka Mitundu na Nathenje, na swali ile ilinisumbua kuliko kazi yenyewe. Masomo yangu iliishia darasa ya tatu kule Fizi, Kongo. Mwalimu alikuwa ananipiga juu ya kuchungulia kwenye dirisha. Nilikuwa naangalia bantu benye balikuwa banajenga lupango ya misheni. Kwa hiyo hata pale nilikuwa nasoma.

Baba yangu njo alinifundisha muguu wa nguzo. Kwetu hakukuwa dawa ya miti. Unachukua nguzo, unachoma muguu wake kwenye moto wa polepole, unaigeuza kama muhogo, mpaka ngozi ya nje inakuwa makaa ya unene wa ukucha. Muswa, ao mchwa, hailaki makaa kwa furaha. Halafu baba alikuwa anakata alama tatu kwa shoka, pale tu muti inatokea kwenye udongo. Alama tatu, kama chale. Ukirudi kisha mvua ukaona mbili, ujue nguzo imezama kidole moja. Ukiona moja, ondoka mbele mwenye nyumba hajaamuka. Hapa Malawi sikuona muntu mwingine mwenye anakata alama ile. Bengine banapaka mafuta chafu ya gari. Siku hizi banauza nguzo yenye imekwisha kupikwa katika dawa, ya kijani-kijani, na hiyo ni kitu kizuri, sitawadanganya. Lakini dawa haijui mahali ya kusimamisha nguzo. Hiyo iko kazi ya muntu.

Sasa nitawaambia juu ya Amayi Mbewe.

Vita ya pili ilikuwa inawaka miaka kadhaa kule nyumbani, na kila wiki bantu bapya balikuwa banaingia Dzaleka na mifuko yao. Mi nilikuwa nimefika tangu vita ya kwanza. Nilikuwa nafanya kazi pamoja na Faustin, muntu wa Bukavu, mwenye diplome, mwenye alikuwa anavaa kravati kwenye chantier, pale pa kujenga. Mi nachimba, yeye anaandika devis, karatasi ya bei ya kazi. Mi namuita Profesa, yeye ananiita Mukubwa. Bantu balikuwa bananichekaka mi na muandishi wangu, lakini devis ya Faustin ilikuwa na mistari miwili chini ya jina langu, na mistari ile ilitupatia kazi zaidi ya mikono yangu.

Amayi Mbewe alikuwa mujane, alikuwaka anaosha vyumba vya bagonjwa katika hospitali mpaka alipochoka. Nyumba yake ilikuwa mbele kidogo ya Mtandire. Lupango yake ya mbao ilikuwa imelala pande moja, pande ingine inashikilia kwa aibu tu. Jirani alikuwa Bambo, ao Bwana, Gondwe, mwenye alinunua kiwanja ya pembeni, kiwanja yenye ilibakiaka wazi miaka yote. Gondwe alikuwa muntu mupole, wa kusalimia kwa mikono miwili. Alimuambia mama: "Amayi, usijisumbue na mbao. Mafundi wangu watajenga ukuta wa matofali palepale lupango ilipo. Wewe hutoi hata tambala moja."

Muone hapo namna ya kuchagua ilivyo nguvu. Fundi wa bure iko mulangoni. Nani atamukatalia?

Lakini mama alikuwa na neno katika roho. Alikuwa anajua, kwa miguu yake tu, kama kiwanja yake ilikuwa kubwa kuliko vile lupango inaonyesha. Miaka yote alikuwa anapita kwenye tundu ya mbao, analima mahindi kule ngambo, kuzunguka kichuguu kubwa ya muswa, na hakuna muntu alimuuliza. Sasa Gondwe amenunua, na Gondwe anasema, "Mimi nilinunua mpaka kwenye lupango." Hakudanganya. Njo vile muuzaji alimuonyesha, na mama hakuwa na shahidi. Na ukuta ya matofali ikisimama, haiondoki tena. Mama hakuwa na kitu ingine katika dunia, ile kiwanja njo bwana wake alimuachia.

Kwa hiyo alituita siku moja, fundi wa matofali wa Gondwe, mi na Faustin, na fundi mumoja wa Mtandire, jina yake Biswick. Biswick alikuwa mudogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alikuwa na shati ya vifungo viwili, na kamba imezunguka shingo yake kama muntu anaenda kutafuta ngombe. Nilimuangalia, nikajisemea, huyu hata kravati hana.

Mama alituwekea viti mbele ya lupango, akatupatia chai, akasema hivi:

"Bei mtaniambia baadaye. Kule hospitali daktari hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa. Niambieni kwanza, lupango yangu imekufa na nini?"

Nilipenda mwanamuke ule pale pale. Miaka yangu yote hakuna muntu aliniulizaka swali ile.

Fundi wa matofali alicheka. "Mbao ni mbao, amayi. Itakufa tu. Tofali haifi."

"Zikomo," mama akamushukuru, akamuongezea chai. Nilijua kwa mama fundi ule amekwisha kukosa kazi.

Biswick hakukaa hata. Alienda kwenye nguzo ya kona, upande wa barabara, akainama, akafunga jicho moja, akaangalia lupango yote mpaka mwisho kama muntu anatafuta sindano. Halafu akasema, "Sijui ilikufa na nini. Lakini ina tumbo."

"Tumbo?" nikamuuliza. "Lupango na tumbo? Itazaa lini?"

"Hiyo sijui, Bambo Kongo. Labda mwenye mimba anajua."

Bote balicheka, Gondwe pia, kule ngambo. Faustin aliandika neno ile katika karatasi yake, sijui kwa nini. Mi niliomba jembe.

Hapa musikilize vizuri, juu hii njo kazi. Ukichimba kwenye muguu wa nguzo, usitupe udongo kama muntu wa haraka. Itoe kidogo, uiangalie, unuse. Kama muti umeoza kwa maji, inanuka kama chumba kimefungwa. Kama ni muswa, hainuki kitu, inavunjika kama biskuti na ndani kuko udongo pahali pa muti. Nilichimba kwenye nguzo ya kwanza, muswa. Ya pili, muswa. Nikafika pale Biswick aliona tumbo, karibu na kichuguu. Nguzo ilikuwa ya bulugamu, ile ekaliptisi yetu, na ilikuwa bado nguvu. Nikajiuliza, kwa nini hizi ziko karibu na nyumba ya muswa na hazikuliwa? Nikachimba zaidi. Muguu ulikuwa mweusi. Makaa ya unene wa ukucha.

Nikapangusa na kidole pale udongo ya kichuguu ilikuwa imepanda juu ya nguzo. Alama tatu.

Biswick alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hizi mikato ni ya nini, bambo? Sijaziona popote. Nani anafanya hivi?"

"Sijui," nikasema.

Ndiyo. Nilisema sijui. Mi mwenye ninawafundisha hapa, nilifunika alama ya baba yangu na udongo, nikakanyaga juu, nikamuambia mama kama ugonjwa ni muswa, tutarudi kesho na devis.

Nyumba ile nilikuwa nimekwisha kuijenga. Sikuikumbuka. Miezi ya kwanza yangu Malawi, patron mumoja alikuwa anakuja Dzaleka na pick-up, anachukua sita ao nane, anatuangusha mahali, jioni anaturudisha. Lilongwe kwangu ilikuwa Area tu, njo vile banaita mitaa, na Area zote zilikuwa namba, na mi na namba hatukupendana. Siku ile alituachia rundo ya nguzo, akasema jengeni kama ile ya zamani, akaenda zake. Bwana wa nyumba alikuwa mugonjwa ndani, hakutoka. Lupango ya zamani ilikuwa imeliwa yote, na katikati ya musitari kichuguu ilikuwa imesimama, kubwa kama nyumba ya kuku.

Sasa kwetu kichuguu haivunjwi. Kichuguu iko na mwenyewe, kama vile shamba iko na mwenyewe. Mvua ikianza kumbikumbi zinatoka pale, na mwenye kichuguu njo anakula, ao anagawia mwenye anapenda. Ukivunja kichuguu ya muntu, umevunja chungu yake, utaitwa kwa bazee. Kwa hiyo lupango kwetu inaizunguka, na hakuna shida, sababu lupango kwetu haisemi kitu. Lupango iko ya mbuzi. Mupaka wa shamba uko katika vinywa vya bazee. Wao njo banajua: kutoka jiwe ile mpaka kijito ile ni ya fulani. Mbao ikipita huku ao huku, nani anajali?

Tuligawana musitari, na nguzo za karibu ya kichuguu njo zilikuwa zangu, zile tu njo nilichoma miguu. Nikazunguka kichuguu, ngambo ya ndani. Hatua nne ndani, halafu nikarudi kwenye musitari pole pole ili ionekane muzuri. Balinisifu hata. Hakuna muntu aliniambia kama katika muji wa bantu hawa lupango njo kinywa cha muzee, na mahali imesimama njo neno ya mwisho.

Jioni ile tulikuwa nyuma ya lori ya mukaa tunarudi Dzaleka, nikamuambia Faustin yote. Aliangalia kravati yake muda murefu.

"Mukubwa, kuko muntu ingine anajua?"

"Mi na we."

"Basi hakuna muntu anajua. Nyamaza."

"Na mama?"

"Mama atapata lupango mupya, muzuri, ya kwetu. Sikiliza. Ukisema, kesho Lilongwe yote itasikia: Bakongo balikata shamba ya mujane. Nani atatuita tena? Si mi na we tu. Vijana bote ba Dzaleka benye banashika nyundo. Utabakatia mukate juu ya hatua nne?"

"Hatua nne kwenda, Profesa. Urefu uko hatua ishirini."

"We si ulisema namba hamupendani?"

Nilicheka, lakini sikucheka ndani. Alikuwa na haki, na njo kitu yenye ilinichoma. Halafu akaongeza neno moja yenye hakufikiri: "Na tena, kesho kutwa bale mafundi ba Gondwe banavunja kichuguu. Nilibasikia. Udongo wake banataka kufyatulia matofali. Kichuguu ikienda, hata wewe mwenyewe hutaweza kuonyesha kitu. Mambo itakwisha yenyewe."

Alisema vile kunituliza. Mi nilisikia namna ingine. Muzee mwenye alikuwa anajua mupaka wa shamba ya baba yangu alikufia njiani tulipokimbia, na bengine bawili benye balijua, mumoja iko Tanzania, mumoja hakuna habari yake. Leo hata vita ikiisha, kule kwetu hakuna kinywa ya kusema Asukulu analima toka hapa mpaka hapa. Na mi nimekaa juu ya gunia ya mukaa, na mupaka wa mama wa bantu uko katika kinywa yangu peke yake.

Asubui nilirudi. Faustin alikuja pia, bila karatasi, amenuna.

Nilimukuta mama anafagia, Gondwe iko kwake anapima na fundi wake, na Biswick amekaa chini ya lupango anakula muhindi ya kuchoma. Nikabaita bote. Chichewa yangu ilikuwa ya kuvunjika-vunjika, na siku ile ilivunjika zaidi. Nilisema, "Nguzo hizi ni mimi nilizisimamisha. Nilizunguka chulu, hii kichuguu. Katikati ya chulu njo ilikuwa inapita lupango ya zamani. Kosa ni yangu."

Muhindi ya Biswick ilisimama njiani. "Kumbe mimba ilikuwa yako," akasema pole pole. Hakuna muntu alicheka.

Mama aliweka fagio. Aliniangalia uso, halafu mikono, halafu akaniuliza kitu yenye sikutazamia.

"Siku ile nilipika nini?"

Nikafikiri. "Nsima. Na samaki kidogo-kidogo, zile zinafanana na ndakala za kwetu."

"Usipa. Na mmoja wenu aliomba pilipili mara tatu, mpaka nikaenda kuazima kwa jirani."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema. "Mume wangu alicheka kitandani aliposikia. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka na wageni." Akaokota fagio. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Gondwe njo alisema. Hakupaza sauti. "Bambo, nakuheshimu. Lakini angalia hali yangu. Mtu aliyekosea ndiye anakuja kuwa shahidi, na ushahidi wake unaninyang'anya kiwanja. Kesho mwingine atakuja kusema nyumba yangu nayo ilizunguka kitu. Nionyeshe. Kwa macho."

"Haki yako," nikamujibu. "Nipe kamba."

"Kamba ni yangu," Biswick akasema, akaitoa shingoni.

Nguzo ya kona ya barabara hakuna muntu alikuwa anaikatalia, na nyuma kabisa kulikuwa chuma ya serikali imepandwa katika saruji, nayo hakuna muntu aliikatalia. Biswick akavuta kamba kutoka moja mpaka ingine. Kamba ikapita ngambo ya lupango, katika mahindi, ikaenda moja kwa moja kwenye tumbo ya kichuguu, ikatoka ngambo.

"Sawa," Gondwe akasema, "kamba imenyooka. Lakini nani anasema kiwanja ilinyooka?"

Muntu wa akili. Njo maana nilimuheshimu mpaka leo. Sasa, vijana, mushike hii, iko mali kuliko nyundo. Nguzo ya muti ikikaa katika udongo miaka, hata ikiliwa yote, haiondoki bila kuacha kivuli. Udongo ya Lilongwe ni nyekundu. Mahali muti ulioza inabakia nyeusi, ya duara, kama sahani. Ukilima juu, inachanganyika. Lakini shuka mukono moja chini, jembe haifiki kule, utaikuta. Kama hamuamini, muchimbe kwenye nguzo ya zamani ya nyumba yenu.

Nikapima hatua mbili na nusu kutoka kona, vile bantu ba zamani balikuwa banapanga nguzo, nikachimba chini ya kamba. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Faustin akageuka kuangalia barabara. Nikashuka zaidi, nikapangusa na kiganja, na pale, sahani nyeusi.

"Inaweza kuwa shina ya muti wa zamani," Gondwe akasema.

"Inaweza," nikasema. Nikaenda hatua mbili na nusu. Nikachimba. Sahani ingine.

Ya tatu sikuichimba mi. Gondwe alivua koti, akalikunja, akamupa fundi wake, akaniomba jembe. Alikuwa na uso ya muntu anafungua barua yenye hajui imetoka wapi. Alichimba vibaya, anatupa udongo kwenye viatu vyake, lakini alipofika kwenye nyeusi alisimama, akapiga magoti, akaigusa na kidole kimoja. "Iko baridi," akasema, kama vile hakuna kitu ingine ya kusema. Halafu akapima mwenyewe hatua mbili na nusu, na hatua ile ilimufikisha ndani ya kichuguu.

Bote baliniangalia. Balijua desturi yangu, nilikuwa nimekwisha kubaelezea.

"Amayi," nikasema, "chulu ni yako. Ukiniruhusu."

"Vunja," mama akasema. "Ngumbi nitakula za kwingine." Ngumbi njo kumbikumbi zetu.

Kichuguu iko ngumu kuliko matofali. Tulipokezana, mi na Biswick na fundi wa Gondwe, mwenye naye sasa alikuwa anataka kuona. Tukaikata pembeni chini ya kamba, kama kukata mukate. Karibu saa sita ukuta ya udongo ikaanguka, na ndani kukafunguka tundu. Tundu ya kusimama, ya duara, laini pembeni, urefu wa muntu. Nguzo haikuwamo. Muswa ilikuwa imeila yote, hata unyuzi, lakini ilijenga kwanza kuizunguka, na umbo yake ilibakia. Na juu, katika udongo wenyewe, misumari ine ilikuwa imesimama, miwili kwa miwili, inashikilia mbao zenye hazikuwapo.

Biswick aliingiza mukono ndani ya tundu mpaka bega, anapapasa, anatikisa kichwa. Mi mwenyewe, na kazi yangu yote, sikuwa nimeona kitu vile, na sikuona tena.

"Hii mume wangu aliisimamisha," mama akasema. "Alikuwa anapiga misumari miwili miwili. Nilikuwa nikimwambia anaharibu."

Gondwe alichukua koti yake. "Basi," akasema. Akamugeukia fundi wake. "Tutajenga upande huu wa kamba. Amayi, naomba udongo wa chulu, kwa matofali."

"Chukua nusu," mama akamujibu. Ndiyo vile iliisha kati yao. Bantu benye baliua jirani kule kwetu, balianzia kwenye kitu kidogo kuliko ile.

Sasa ilibakia kazi. Mama alisema hataki ukuta upande wake, anataka mbao, juu upepo inapita na jiko yake inapumua, na anataka lupango yote ibadilishwe, pande zote nne. Mi nilikuwa nimesimama na matope mpaka magoti. Sitawadanganya, ndani yangu nilifikiri kazi ni yangu. Nani mwingine? Mi njo nilichimba, mi njo nilisema. Faustin alikuwa amekwisha kutoa kalamu.

"Biswick," mama akasema, "lupango ninakupa wewe."

Kalamu ya Faustin ilirudi mufukoni.

"Na wewe, Bambo Kongo, utamchimbia. Nguzo zangu utazichoma miguu kama kwenu, na zile alama tatu ukate, nimezipenda. Lakini kamba usiiguse. Kamba ni ya Biswick."

Faustin alifungua mudomo, nikamukanyaga kiatu. Nilikuwa na miaka mingi kuliko Biswick, na batoto, na jina langu kwenye devis yenye mistari miwili. Halafu nikajiuliza lile swali lenye nilikuwa najiuliza miaka yote, fundi anachaguliwa namna gani, na jibu ilikuwa imesimama mbele yangu na shati ya vifungo viwili. Sisi bote tuliangalia lupango ile. Fundi wa matofali hakuona kitu. Mi niliona muguu, na nilipouona nilisema sijui. Biswick alisema "sijui" ya kweli, na alisema tumbo. Ningekuwa mama, ningechagua vilevile.

"Eya, amayi," nikasema. "Zikomo."

Tulianza juma-tatu. Biswick alikuja na kamba ingine, ncha zake mbili zimefungwa pamoja, yenye mafundo kumi na mbili, nafasi sawa-sawa. Alinipa fundo ya kwanza nishike, akahesabu tatu, ine, tano, akavuta, na kona ikatokea pale mbele yangu imenyooka kama ya kitabu. Nilimuomba afungue, afanye tena. Akafanya tena. Nikamuomba mara ya tatu, akacheka, akaniuliza kama kule Kongo kona hakuna. Nilimuambia ziko, lakini tunazionaka kwa jicho. "Jicho," akasema, "niliona kazi yake." Profesa wangu na diplome yake hakuwa ameniambia kitu ile, na alikuwa anaijua, alikubali baadaye, aliisoma Bukavu katika daftari. Hakujua kama iko ya lupango.

Halafu akanituma na kigingi pale kichuguu ilikuwa. Tulikuwa tumeisawazisha, udongo mulaini, nyekundu, na katikati duara nyeusi, pale tundu ilikuwa. Gondwe alisimama ngambo yake, mikono nyuma. Mama alisimama ngambo yake, amejifunga chitenje. Mi katikati, na kigingi, na nyundo, na muntu mudogo kwangu kwa miaka kumi amefunga jicho moja kule kwenye kona.

"Kushoto, bambo," Biswick akaita. "Kidogo. Umepita. Rudi."

Nikarudi.

"Tena kidogo. Hapo."

Niliinua nyundo, nikaishusha. "Angalia tena," nikamuambia.

Akainama, akafunga jicho, akaangalia muda murefu.

"Hapo, bambo."

Nikapiga.